Maji Yakiwa Meupe, Yamesafika?

Mwanzoni mwa utafiti wangu niliwahi kufurahi mapema. Nilikuwa na chupa ya maji yenye methilini bluu, rangi inayotumika sana kwenye majaribio ya aina hii. Nikatia unga wa titaniamu dayoksaidi niliouchanganya na mkaa, nikaianika juani. Saa moja baadaye maji meupe kabisa! Nikampigia picha jirani yetu anayetengeneza batiki, ambaye maji yake humwagwa mtaroni. Akanijibu papo hapo: "Mwanangu, hebu niletee huo unga."

Msimamizi wangu yeye aliuliza swali moja tu: chupa ya gizani iko wapi? Sikuwa nayo. Nilipoiweka, nayo buluu iliisha. Rangi ilikuwa imenasa kwenye mkaa, basi. Haikuvunjwa.

Kuvunja ni habari nyingine. Titaniamu dayoksaidi ni nusu-kipitishi. Ikipigwa na mwanga wenye nguvu ya kutosha, elektroni huruka na kuacha tundu nyuma yake. Tundu hilo lina uroho wa elektroni, hivyo huzinyang'anya kwenye maji. Hapo huzaliwa radikali za haidroksili, na hizo ndizo zinazoirarua molekuli ya rangi. Kazi ikifika mwisho, inabaki kaboni dayoksaidi, maji na chumvichumvi. Ikiishia njiani, maji yanaweza kuwa meupe huku vipande vimo: baadhi ya rangi za azo zikikatwa katikati huacha amini, na zipo amini zinazosababisha saratani.

Elektroni iliyoruka nayo ina kazi, hasa kwenye metali. Huweza kuigeuza kromiamu 6, yenye sumu kali, kuwa kromiamu 3 ambayo sumu yake ni ndogo zaidi na hutuama chini asidi ya maji ikipunguzwa. Ila metali haivunjiki kama rangi. Kromiamu yote bado ipo, imehamia kwenye tope. Ukilitupa tope hilo ovyo kwenye udongo wenye oksidi za manganizi, sehemu yake inaweza kurudi kuwa kromiamu 6.

Na jua letu hili? Linasaidia, lakini si kama tunavyodhani. Titaniamu dayoksaidi ya kawaida inahitaji urujuanimno, mawimbi yaliyo chini ya nanomita 387 hivi, na hiyo ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Tena elektroni nyingi hurudi tunduni kabla hazijafanya lolote.

Siku hizi nakoroga kwanza gizani mpaka rangi iache kupungua, ndipo nawasha taa. Chupa nyingine napiga mwanga bila unga. Mwisho napima kaboni iliyobaki majini, siangalii rangi peke yake.

Maji ya jirani yangu ni mazito kiasi kwamba mwanga haupenyi hata sentimita chache, na yana nta na magadi makali. Unga bado sijampelekea. Nimemwomba lita 5 za maji yake.