Je, Wajua? Dagaa Huliwa Pamoja na Macho Yake

Vitamini A ya samaki hukaa zaidi kwenye macho na ini, si kwenye mnofu. Ndiyo maana dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, anayeliwa mzima, hukupa kitu ambacho minofu ya sangara haina kwa wingi. Ukimkata kichwa, umetupa sehemu ya vitamini hiyo.

Vitamini hiyo hukuwezesha kuona gizani. Jicho huitumia kutengeneza rangi inayonasa mwanga hafifu. Ikipungua sana, mtoto huanza kupapasa jioni, wenzake wakiwa bado wanakimbia uani. Hiyo ni dalili ya kumpeleka kliniki, tena upesi.

Jua la ziwani lina kazi mbili. Likipiga ngozi yako, mwili hutengeneza vitamini D. Likimpiga dagaa kwenye chanja, humkausha, lakini pia humpunguzia vitamini A. Akishakauka, muanue na umhifadhi mbali na mwanga.

Vitamini B12, inayosaidia kutengeneza damu na kulinda neva, huipati kwenye mchicha wala muhogo. Kwenye dagaa imo.

Na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, je? Mwili hugeuza rangi hiyo kuwa vitamini A. Kula viazi hivyo pamoja na mafuta kidogo, ili rangi hiyo ifyonzwe vizuri.