Programu Kongwe katika Mashine Mpya

Tarehe 7 Oktoba 2019 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta zake za Macintosh, ulioitwa Catalina. Mtu aliyeuweka katika kompyuta yake, kisha akataka kuandika barua kwa programu za Office za mwaka 2011, alikuta hazifunguki kabisa. Hapakuwa na kilichoharibika. Programu zilikuwa pale pale, hazikupungua hata herufi moja. Ila mfumo mpya ulikataa kuzibeba. Yawezekanaje mfumo wenye nguvu zaidi ushindwe na kazi ambayo mtangulizi wake aliifanya bila taabu?

Jibu linaanzia kwenye hesabu. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama mtaa mrefu, ambamo kila nyumba ina namba yake na huhifadhi baiti moja. Namba hizo huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila nafasi ya tarakimu huitwa biti. Namba za biti 16 hutosha kutaja nyumba 65,536. Za biti 32 hufikia 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4. (Mwanafunzi aweza kuhakikisha mwenyewe kwa kukokotoa 2 kwa kipeo cha 32.) Zamani kiasi hicho kilionekana kikubwa mno. Leo kompyuta nyingi huwa na zaidi, na ndiyo maana watengenezaji wamehamia biti 64.

Kuhama huku si kuongeza tarakimu tu. Programu ya biti 32 ikitaka kusoma faili au kuchora dirisha kwenye kioo, huuomba mfumo kwa maagizo ya biti 32. Kwa hiyo mfumo wa biti 64 unaotaka kuipokea hauna budi kuweka nakala ya pili ya maktaba zake za maagizo, na kosa likirekebishwa upande mmoja, sharti upande wa pili nao upimwe. Apple waliubeba mzigo huo kwa miaka mingi, wakaanza kuwaonya watumiaji mwaka 2018, kisha wakautua.

Microsoft walikuwa wamefika kwenye mpaka kama huo mapema zaidi, na kwao sababu moja ilikuwa ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa ya Intel 80386 ya mwaka 1985 iliweza kujifanya 8086 ya mwaka 1978, hivyo programu za biti 16 zilizoandikwa kwa mfumo wa DOS ziliendelea kutumika ndani ya Windows. Kampuni ya AMD ilipoupanua muundo huo hadi biti 64 mwaka 2003, uwezo huo haukupatikana tena prosesa inapoendesha mfumo wa biti 64. Likatokea jambo la kuchekesha kidogo: baadhi ya programu za biti 32 ziliuzwa pamoja na programu ndogo ya kuzisakinisha, nayo ilikuwa ya biti 16. Mgeni alikaribishwa ndani, ila ufunguo wa mlango ulikataa.

Gharama nyingine ya kuzitunza programu za kale ni kuyatunza makosa yake. Husimuliwa kwamba mchezo wa SimCity, ulioandikwa kwa Windows za awali, ulikuwa ukisoma sehemu ya kumbukumbu uliyokwisha kuirudisha kwa mfumo. Zamani kosa hilo halikudhuru, kwa kuwa sehemu hiyo haikugawiwa mwingine upesi. Katika Windows 95 lingeuangusha mchezo. Microsoft wakaandika ndani ya mfumo wao maagizo ya kuutambua SimCity, na ulipowashwa, kumbukumbu haikugawiwa kwa haraka. Ni ukarimu wa kusifiwa, ijapokuwa ukirudiwa kwa programu nyingi mfumo hugeuka ghala la viraka.

IBM walichagua kuvumilia. Programu nyingi zilizotungwa kwa ukoo wa System/360, uliotangazwa tarehe 7 Aprili 1964, zaweza kutumika hata katika mashine zake kubwa za leo. Lakini wateja wake ni mabenki na serikali, ambao hulipa ghali ili kazi isikatike.

Shule hazina fedha hizo. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma. Na Windows 11 haina toleo la biti 32, wala haikubali rasmi kompyuta isiyo na kinga iitwayo TPM 2.0. Kompyuta ya zamani haizimiki kwa hilo. Matundu ya usalama yatakayogunduliwa ndiyo yatakayobaki wazi, hivyo ni salama zaidi ikitengwa na mtandao, ifanye ile kazi moja inayoiweza.

Kwa programu za DOS kuna njia nyingine, nayo ni kuiga. Programu kama DOSBox hutenda kwa maagizo yale ambayo prosesa ya kale ilitenda kwa nyaya zake, na kasi ya mashine za leo hufidia uzito wa kazi hiyo. Haifufui kila kitu: kifaa cha maabara kilichounganishwa kwa kadi ya zamani aghalabu hubaki bubu. Mwalimu mwenye maswali na alama za miaka mingi katika programu ya namna hii afadhali azifungue sasa, azihifadhi kama maandishi ya kawaida, na kutoa nakala mbili, maadam ile mashine ya mwisho bado inawaka.