Likizo Inaanzia Langoni

Kijana wa Ilemba aliyeajiriwa jeshini na kupangiwa Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 1,000 za basi hadi Sumbawanga mjini, kupitia Mbeya na Tunduma. Baada ya hapo bado hajaanza kuteremka kwenda bonde la Ziwa Rukwa, na masika barabara ile hujipangia saa zake. Kwake, siku ya kuanza kuhesabu likizo si suala la makarani. Karatasi ikisema likizo inaanza Jumatatu, naye akaruhusiwa kusaini kitabu cha langoni Jumatatu hiyo saa kumi jioni, siku moja imeshaliwa akiwa bado kambini.

Raia ana pa kushika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 28 mfululizo kwa mwaka, pamoja na sikukuu zinazoangukia humo. Lakini sheria hiyohiyo, kwenye vifungu vyake vya mwanzo kabisa, inawaweka kando JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Askari yuko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, kanuni zake na amri za mkuu wa kikosi. Ni huko chini, kwenye amri za kikosi, ambako mambo yanayoonekana madogo huamuliwa: asaini kwa nani, aache namba ya simu ya wapi, akikwama Tunduma ampigie nani. Naona haya yote yanapaswa kuandikwa na kubandikwa mahali kila askari anapita, kwa sababu jeshini kutokuwepo bila ruhusa ni kosa la kushtakiwa. Raia akichelewa siku moja, mara nyingi huambulia barua ya onyo. Askari atasimama mbele ya mkubwa wake, na saini ya langoni itakuwa ushahidi, wa kumtia hatiani au wa kumwokoa.

Watakaopinga watasema jeshi si ofisi. Ni kweli, Amin alipovamia Kagera Oktoba 1978 hakungoja watu warudi likizo. Ila kitabu kilichojazwa vizuri ndicho kinachomwambia mkuu nani yuko wapi, na mamlaka yake ya kufuta likizo hayapungui hata chembe. Wengine watasema kila kikosi kina mazingira yake. Sawa, ndiyo maana taratibu za kikosi zipo. Lakini utaratibu unaobadilika kila sajenti wa zamu anapobadilika ni hiari yake tu. Marekani, ambako askari hulimbikiza siku mbili na nusu kwa mwezi, yaani 30 kwa mwaka, aliyefanya kazi sehemu kubwa ya siku ndipo akaondoka hakatwi siku hiyo. Sijasikia jeshi lile likilaumiwa kwa kudekeza watu.

Na familia nazo zina sehemu yao. Wazee wanapomsihi kijana abaki hadi matanga yaishe, wamwache kwanza apige simu kikosini, maana nyongeza ya ruhusa huombwa mtu akiwa bado ndani ya ruhusa.