Ureno kwa Treni na kwa Miguu

Mreno tunamfahamu kwa alichotuachia: Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na nguzo ya Vasco da Gama inayotazama bahari Malindi. Nchi aliyotoka hatuijui sana. Anayekwenda Ulaya kutembea hukimbilia London au Paris, na Ureno huachwa huko ukingoni mwa bara, uso umeelekea Atlantiki. Ni nchi ndogo; Tanzania ingeimeza mara kumi na nafasi ikabaki. Kwa wanandoa wanaotaka mapumziko bila kukimbizana, udogo huo ni neema, kwani siku moja ya safari inatosha kuwatoa kwenye mizabibu ya kaskazini na kuwafikisha kwenye magenge ya bahari ya kusini, tena bila kukodi gari. Mimi na mke wangu tulikwenda Oktoba, na kwa maoni yangu gari lingetuharibia safari.

Anzeni Porto, kwenye stesheni ya São Bento. Ukumbi wake, uliofunguliwa mwaka 1916 mahali palipokuwa na nyumba ya watawa, umefunikwa vigae kama 20,000 vya bluu na nyeupe, kazi ya msanii Jorge Colaço. Ukuta mmoja unaonyesha wafalme na vita vyao, na picha moja kubwa ni ya Wareno wakiuteka mji wa Ceuta, Afrika Kaskazini, mwaka 1415. Watalii hupiga picha na kupita. Sisi tulisimama kidogo: kutoka Ceuta hadi meli za da Gama kutia nanga Mombasa ni miaka 83 tu.

Treni ya kwenda bonde la mto Douro ni treni ya kawaida ya abiria. Viti havina namba, kwa hiyo mwahi, mkae upande wa kulia. Saa ya kwanza haina ajabu: vitongoji, bustani za kabichi, vilima vya kijani. Kisha reli inateremka, na ghafla mto uko chini ya dirisha, karibu kiasi kwamba behewa linaonekana kana kwamba linaelea. Hauondoki tena. Karibu na stesheni ya Ferradosa treni inavuka daraja, mto unahamia kushoto, na abiria wanaojua njia nao wanahama. Reli hii ya njia moja ilijengwa kati ya 1873 na 1887 hadi Barca d'Alva, mpakani na Hispania. Kipande cha mwisho kilifungwa 1988, na leo safari inakomea Pocinho. Majira ya joto kuna pia treni ya mvuke ya watalii kati ya Régua na Tua, yenye kichwa kilichotengenezwa Ujerumani mwaka 1925 na mabehewa ya mbao. Inapendeza kwa picha. Mimi ningechagua ile ya kawaida, yenye bibi aliyepakata mfuko wa machungwa.

Mtu akitazama dirishani anaweza kudhani anaona maumbile. Si kweli. Milima yote imechongwa ngazi kutoka mtoni hadi kileleni, na kila ngazi imeshikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Hapakuwa na udongo wa kulimia hapo. Palikuwa na mwamba wa tabaka tabaka, ambao watu waliupasua kwa mitaimbo na baruti mpaka ukawa shamba. Mizizi ya mizabibu hupenya kwenye nyufa zake kutafuta maji. Jua la huko halina huruma, na wenyeji husema mwaka wao una miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu. Mwaka 1756 Marquês de Pombal, waziri mwenye nguvu wa mfalme, aliamuru eneo hili lipimwe na kuwekewa mipaka, likawa miongoni mwa maeneo ya kwanza duniani ambayo mvinyo wake ulilindwa kisheria. Karne moja baadaye mdudu aitwaye filoksera aliingia na kukausha mizabibu. Ngazi nyingi zilizotelekezwa wakati ule bado zinaonekana, zimefunikwa na vichaka au zimepandwa mizeituni. UNESCO iliitangaza sehemu ya bonde hili urithi wa dunia mwaka 2001, na jambo lililotambuliwa ni jasho la watu.

Mto nao haukuwa mtulivu kama ulivyo sasa, baada ya kujengewa mabwawa. Mapipa yalisafirishwa kwa mashua zenye kitako bapa kupitia maporomoko, na wengi walikufa. Mwaka 1861 mashua ilipinduka pale Valeira. Akazama Joseph James Forrester, mfanyabiashara Mwingereza aliyechora ramani ya mto huohuo. Miongoni mwa waliopona ni Antónia Adelaide Ferreira, tajiri wa mizabibu. Watu husimulia kwamba sketi yake pana ilijaa hewa ikamwelesha. Kweli au porojo, mama huyo aliendelea kununua mashamba na kupanda mizabibu hadi kifo chake mwaka 1896, na mpaka leo wenyeji humtaja kwa jina la mapenzi, Ferreirinha.

Shukeni Pinhão, msishuke Régua. Régua ni mji wa shughuli. Pinhão ni kijiji, na stesheni yake imepambwa vigae vinavyoonyesha mavuno: wanawake wenye vikapu, wanaume waliobeba mizigo mgongoni, ng'ombe wa kukokota mapipa. Mashamba ya Bomfim na Roêda mnayafikia kwa miguu kutoka hapo. Huko mtaonyeshwa sinki kubwa la mawe, kina chake kama usawa wa mapaja, ambamo zabibu bado hukanyagwa kwa miguu kwa ajili ya baadhi ya mvinyo bora. Wakanyagaji hushikana mabega kwa safu, wakienda kwa hatua za pamoja kama askari, kwa saa kadhaa, mpaka maganda yatoe rangi. Sukari ikiwa bado haijaisha kugeuka kileo, mvinyo humiminiwa spiriti kali ya zabibu na uchachukaji unasimama. Ndiyo maana mvinyo wa Porto ni mtamu na ni mkali, kileo chake kama asilimia 20. Msinywe kama mnavyokunywa mvinyo wa mezani. Milima ile ina ngazi nyingi za kushuka.

Mke wangu hagusi kileo, na wasomaji wengi wa pwani ni kama yeye. Hakupoteza kitu. Mashamba haya hukamua pia mafuta ya zeituni na kuvuna lozi, na mkate wa moto uliochovywa kwenye mafuta mabichi ulimtosha kabisa. Semeni mapema tu, wakati wa kukata tiketi ya ziara.

Kusini ni dunia nyingine. Kutoka Lisbon basi huwafikisha Porto Covo, kijiji cha nyumba nyeupe zenye mkanda wa bluu. Kaskazini kidogo, kwenye pwani hiyohiyo, iko Sines, alikozaliwa Vasco da Gama. Siku hizi ni mji wa bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta, na anayefuata mandhari hana cha kupoteza akiupita. Njia ya miguu iitwayo Njia ya Wavuvi inafuata ukingo wa magenge kuelekea kusini kwa zaidi ya kilomita 200. Alama zake ni mistari miwili, kijani na bluu, iliyopakwa kwenye mawe na nguzo. Kipande cha Porto Covo hadi Vila Nova de Milfontes ni kama kilomita 20, na karibu chote ni mchanga laini unaokula nguvu za miguu. Pangeni kutwa nzima. Mizigo yenu itatangulizwa kwa teksi hadi nyumba ya wageni inayofuata.

Zawadi ya njia hii iko karibu na Cabo Sardão. Korongo weupe, ndege wa aina ileile tunaowaona Serengeti wanapokimbia baridi ya Ulaya ya mashariki, wamejenga viota juu ya nguzo za miamba katikati ya mawimbi, jambo ambalo korongo hawalifanyi kokote kwingine. Wakati wa kuwaona wakilea makinda ni majira ya kuchipua; Oktoba tulikuta viota vitupu, lakini hata vitupu vinashangaza.

Aprili na Mei, au mwisho wa Septemba hadi Oktoba, ndiyo miezi ya kwenda. Julai na Agosti jua litawatesa bondeni na njiani. Viza ni ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, kwa hiyo msisubiri hadi mkate tiketi ya ndege ndipo mtafute miadi.