Kati ya Saa Tatu na Saa Tisa

Asubuhi, katika feri ya Likoni, ukimwona kijana ameinamia simu yake hali umati unamsukuma kuelekea Kisiwani Mombasa, usidhani kuwa lazima anasoma habari za mpira. Yamkini anazitazama bei za hisa, maana kwa simu hiyo hiyo mtu wa Mtongwe sasa hununua na kuuza katika Soko la Hisa la Nairobi, ambalo lilipoanza mwaka 1954 lilikuwa chama cha madalali waliopatana bei juu ya vikombe vya kahawa katika Stanley Hotel.

Hadi Novemba 2021 aliyenunua hisa alilazimika kungoja siku tatu za kazi, hesabu zimalizike, ndipo aweze kuziuza. Tangu hapo soko limemruhusu kununua na kuuza hisa zile zile kwa siku moja, kati ya saa tatu za asubuhi na saa tisa za alasiri. Ruhusa hiyo iliamsha matumaini makubwa, walakini ruhusa si faida. Tuchukue mtumishi wa bandarini Changamwe, mwenye akiba ya shilingi 20,000. Ada za dalali na za soko, zikijumlishwa, aghalabu hukaribia shilingi 2 kwa kila 100, naye huzilipa akinunua na huzilipa tena akiuza. Basi kabla hajaonja hata senti, hisa zake zapasa kupanda kama asilimia 4 siku ile ile, ilhali hisa nyingi za Nairobi hushinda pale pale kutwa nzima, au husogea senti tano na kurudi. Kadiri afanyavyo biashara nyingi zaidi ndivyo anavyozidi kumtajirisha dalali. Hata Marekani, penye ada nafuu na soko pana, wataalamu Barber na Odean walipozichunguza kaya zaidi ya 66,000 kwa miaka ya 1991 hadi 1996, walikuta kwamba zile zilizouza na kununua mno zilipata asilimia 11.4 kwa mwaka, na soko lenyewe likapata 17.9.

Kwa sababu hiyo mimi husema kuwa nidhamu ya kazi hii, kwa sehemu yake kubwa, ni nidhamu ya kutofanya. Mvuvi wa Mtongwe, kusi likivuma kwa ukali, huketi pwani akitengeneza nyavu, wala hakuna amwitaye mvivu. Lakini mwenye simu huona haya kupitisha siku bila kununua kitu.

Maradhi makubwa zaidi ni kutaka kukomboa hasara papo hapo. Aliyefungwa bao barazani hudai mchezo wa pili papo hapo, damu ingali moto, na aghalabu hufungwa tena. Dawa niijuayo ni daftari la kawaida la shule: usiku, soko limefungwa na moyo umetulia, andika hisa uitakayo, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, na hasara ambayo ikifika utatoka bila mjadala, na asubuhi usifanye jambo lisiloandikwa. Jioni andika uliyoyatenda na sababu yake, hata kama sababu ni kwamba jirani alisifu. (Sababu hiyo, ukiisoma baada ya mwezi, huumiza kuliko hasara.) Na fedha ya kodi ya nyumba au ya karo isiingie humo kabisa, seuze ya mkopo.

Mwaka 2008 Serikali ilipouza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, Wakenya walipanga foleni, na wengi walikopa benki ili wasipitwe. Biashara ilifunguliwa tarehe 9 Juni, bei ikapanda hata kupita 7. Mwaka uliofuata ikashuka chini ya 3. Aliyenunua kwa fedha yake aliweza kungoja, na miaka ya baadaye akaiona hisa ile ile ikipita 40. Aliyekopa hakuwa na hiari hiyo, kwa kuwa benki ilidai malipo yake kila mwisho wa mwezi, naye akauza kwa bei aliyoikuta.