Kete Zina Mbio, Wino U Wapi?

Sisi watu wa pwani tunazijua mbio za namna nyingi. Tunazijua mbio za punda, tunazijua na mbio za majahazi. Lakini ziko mbio nyingine ambazo mtu huzikimbia naye kaketi kitako, mguu mmoja kaukunja, kofia imemwinamia usoni. Mbio hizo nilizikuta Golbanti, chini ya mwembe, baada ya swala ya alasiri.

Golbanti si kijiji cha jana. Ukishaiacha Garsen ukauandama mto Tana uendako baharini, utakikuta. Wamisheni wa Kimethodisti walijenga hapo katika miaka ya 1880, na mwaka 1886 mmisheni John Houghton na mkewe waliuawa papo hapo kijijini katika shambulio la Wamasai. Nchi hiyo ni ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, na mto ndio mama wao wote. Mimi sikwenda kwa hayo. Nalikuwa mpita njia, nimealikwa kahawa, nikaona bao limewekwa katikati ya wazee wawili. Mmoja alikuwa mkulima wa mpunga, wa pili alikuwa mfugaji aliyewaachia wanawe ng'ombe siku hiyo.

Nimelelewa Lamu, na bao nimelitazama tangu sijaota meno ya pili. Hata hivyo sikuweza kuwafuata. Mkono waingia shimoni, watoka, kete zadondoka moja moja kama mvua ya rasharasha, na kabla sijamaliza kuhesabu ziendako, mwenziwe amekwisha jibu. Hapana aliyekuna kichwa, wala aliyenyosha kidole kuhesabu mashimo. Kikombe changu cha kahawa kilikuwa bado kina moto pale mfugaji alipoitazama safu yake ya mbele, akaikuta tupu, akacheka, akasema, "Hamna!" Mchezo umekwisha.

Pembeni alikuwapo kijana, mjukuu wa yule mkulima, simu mkononi. Akaniambia, "Mzee, kumbe na hawa wanakimbiza kama watu wangu." Nikamwuliza, "Watu wako ni akina nani?" Ndipo aliponisogezea simu yake nami nikatazama.

MBIO ZA MASHINENI

Nilichoonyeshwa ni mchezo wa kompyuta uitwao Heroes of Might and Magic III, uliotoka mwaka 1999. Ni mchezo wa zamu, kama bao: wewe ucheze, kisha mwenzio acheze. Una ngome za kujenga, dhahabu ya kukusanya, majeshi ya kuongoza na nchi za kuteka. Mtu wa kawaida huchukua siku nyingi kuumaliza. Lakini niliyemwona katika simu ya kijana alikuwa akiukimbiza kana kwamba anafukuzwa na simba, na saa ikihesabu pembeni.

Kijana akanieleza kwamba wako watu ulimwenguni ambao hiyo ndiyo starehe yao: kuchukua mchezo wa zamani na kushindana nani ataumaliza upesi zaidi. Jambo hili lilishika moto katika miaka ya 1990. Mwaka 1996 ulitoka mchezo uitwao Quake, na mwaka 1997 kundi la wachezaji likatoa picha za mchezo huo wote ukimalizwa kwa dakika 19 na sekunde 49. Tangu hapo watu hawakulala. Na katika michezo ya zamu, wengine hawahesabu hata sekunde. Huhesabu zamu, au zile siku za humo mchezoni, maana fundi ni yule atakayeshinda kwa hatua chache.

Nikamwuliza kwa nini mtu ahangaike na mchezo mkongwe hivyo, ilhali kila mwaka hutoka mipya. Akasema wengi wao waliucheza walipokuwa watoto wa shule, na sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Huurudia kama mtu anavyourudia wimbo aliouimba mamake. Kampuni ya 3DO iliyoutoa mchezo huo ilifilisika mwaka 2003, lakini mchezo haukufa nayo. Mashabiki waliushika wenyewe, na mwaka 2011 wakautolea sehemu mpya kabisa waliyoitengeneza kwa mikono yao. Mwenye duka amefunga duka, na wateja wamebaki barazani wakiendesha biashara.

Tena akaniambia jambo lililonikaa moyoni. Katika mashindano hayo, mtu hawezi kusema tu, "Mimi nilimaliza kwa saa moja," akaaminiwa. Sharti alete picha za mchezo wake mzima, tangu mwanzo hata mwisho, wenziwe waukague hatua kwa hatua. Ukikubaliwa, huwekwa, na atakaye kujifunza huenda akautazama. Kwa hiyo ajaye leo haanzi alipoanza wa kwanza. Huanza pale alipoishia wa mwisho.

FUNDI HAKURUPUKI

Hebu sasa tulirudie bao, maana wako watakaosema kwamba nafananisha kanzu na kanga.

Bao lina safu nne za vishimo vinane vinane, jumla vishimo 32, na kete 64 za komwe. Kila mmoja hupewa kete 32. Katika bao la Kiswahili hasa, mchezaji huanza na kete kumi ubaoni: sita nyumbani, na mbili mbili katika vishimo viwili vilivyo kuliani mwa nyumba. Zile 22 zilizobaki hukaa mkononi, naye huziingiza moja moja kila zamu, ndiyo kunamua. Zikisha, huingia katika mtaji, ambapo kete zote zimo ubaoni na hapana akiba tena.

Ugumu wa bao ni kwamba kete hazifi. Katika sataranji, kilicholiwa hutoka nje, na uwanja huzidi kuwa mweupe. Katika bao, nilichokula kwako ni changu, nami nakigawa moja moja kuanzia kichwani mwa safu yangu. Kete ya mwisho ikiangukia penye wenziwe, na mbele yake kwa adui pana kitu, nakula tena. Ikiwa kwa adui ni patupu, nazoa zote za shimo hilo na kuendelea na safari. Nitalala pale kete ya mwisho itakapoangukia shimo tupu. Kwa hiyo zamu moja yaweza kuzunguka ubao na kugeuza kila kitu, na mchezaji yampasa kuyaona yote hayo kabla hajagusa kete hata moja.

Mwanachuoni wa Kiholanzi Alex de Voogt alikwenda Unguja kujifunza namna mafundi wa bao wanavyofikiri, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya umahiri huo, kwa shahada yake ya udaktari katika chuo kikuu cha Leiden. Mtu hatoki Ulaya kwa jambo la mchezo wa watoto. Nao wakuu wetu walilijua hilo tangu zamani. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na Mzee Karume alikuwa akicheza bao Kisiwandui jioni ile ya tarehe 7 Aprili, 1972 alipouawa kwa risasi.

Basi wepesi niliouona Golbanti haukuwa haraka. Mwenye haraka ni yule asiyejua, ndiye anayetupa kete akitumai zitamletea heri. Fundi mkono wake ni mwepesi kwa sababu fikira yake imekwisha fika zamani, nao mkono unaifuata tu.

Hapo nikaona tofauti moja kati ya wazee wangu na wale wa simuni. Mkimbiza mashine huweza kujaribu mara elfu, akikosea huanza upya, na siku atakayopatia ndiyo huionyesha. Tena mashine haimwonei wivu. Fundi wa bao hana jaribio la pili. Mbele yake yuko mtu mwenye akili kama zake, anayebadili shauri kila zamu, na watazamaji wanatia maneno. Kwa hilo, nilijiona nina haki ya kujivuna.

Lakini majivuno yangu hayakuchukua muda. Kijana aliniuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, mchezo bora kuliko yote uliochezwa Lamu ulikuwa upi? Naweza kuuona wapi?"

Sikuwa na jibu.

KILICHOANDIKWA

Na nani miongoni mwetu aliye nalo? Katika tamasha la utamaduni la Lamu bao limeshindaniwa, mshindi akapongezwa na kupigwa picha. Jina lake huenda likabaki. Lakini zile zamu zake, jinsi alivyoivunja nyumba ya mwenziwe, jinsi alivyomvuta mpaka akakosa pa kupita, hayo yote huzolewa pamoja na kete na kutiwa mfukoni. Tunawajua mafundi kwa sifa zao tu, na michezo yao hatuijui.

Waislamu wa zamani hawakufanya hivyo. Abu Bakr as-Suli, aliyefariki mwaka 946, alikuwa bingwa wa sataranji katika baraza ya khalifa al-Muktafi huko Baghdad. Naye hakuwa mcheza sataranji tu, bali mtu wa fasihi, aliyekusanya diwani za washairi wakubwa wa Kiarabu. Kalamu ile ile iliyohifadhi mashairi ndiyo iliyohifadhi mchezo. Aliandika kitabu cha sataranji, na akaacha fumbo moja ambalo watu walihangaika nalo kwa zaidi ya miaka elfu, hata katika miaka ya 1980 likafumbuliwa na bingwa wa Kirusi, Yuri Averbakh. Fikirini: mtu wa Baghdad ametega, na mtu wa Moscow ametegua, na kati yao pana karne kumi. Wasingekutana lau si wino.

Wala tusiende mbali hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilikuwa midomoni mwa watu, na midomo hiyo ilikuwa ikifumba mmoja baada ya mwingine. Baadaye katika karne hiyo hiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizitafuta kwa waliozikumbuka, akaziandika na kuzifafanulia, akishirikiana na mmisheni W. E. Taylor. Mwaka 1940 zikachapishwa katika kitabu. Lau Mwalimu Sikujua angesema, "Tungo hizi kila mtu anazijua, za nini kuziandika?" leo tusingekuwa na Muyaka. Tungekuwa na jina tu, kama tulivyo na majina ya mafundi wa bao.

Sisi tuliosoma chuoni tunalijua jambo hili kwa mikono yetu. Mwalimu alitusomesha kwa moyo, na papo hapo akatuandikisha ubaoni. Hakutosheka na kimoja bila ya kingine.

MTO HAUNGOJI

Nazungumza habari za Golbanti kwa sababu huko mtu huona upesi jinsi vitu vinavyoondoka. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliifunika nchi ya Tana, yakarudi mwishoni mwa 2023, na tena 2024. Watu huhama na godoro na sufuria, na bao la mti mzito aghalabu huwa ndilo la kwanza kuachwa nyuma. Mwaka 2012 mpaka mwanzoni mwa 2013, Wapokomo na Waorma wa delta walipigana, na zaidi ya watu mia moja walikufa. Sisemi kwamba bao lingaliizuia fitina ile. Nasema tu kwamba bao halichezeki ila watu wawili wakae magoti yanakaribiana na kuaminiana mikono. Nilipowaona mkulima na mfugaji wamekaa hivyo chini ya mwembe mmoja, nilijua natazama kitu ambacho si haki kukiacha kipotee kimyakimya.

Dawa yenyewe si ghali. Simu ile ile iliyobeba mchezo wa 1999 ina jicho la kupigia picha. Kijana na aiweke juu ya ubao, asiwatazame nyuso wazee wakiona haya, atazame mikono na kete. Kisha awaulize: kwa nini hapa ulikula huku, usile kule? Mwalimu wa shule aweza kuwapa wanafunzi wake daftari, vishimo wavipe nambari, na kila zamu iandikwe mstari mmoja. Kwa michezo mia tu iliyoandikwa, watoto wa wajukuu wetu hawataanza alipoanza wa kwanza.

Jioni ile nilimwomba yule mkulima aurudie mchezo wake. Akazipanga kete upya, kumi kumi, akaanza kuonyesha: mimi nilinamua hapa, mwenzangu akala pale. Akaenda zamu ya kwanza, ya tano, ya tisa, bila kusita. Mwenziwe akitikisa kichwa kukubali. Alipofika katikati ya mtaji akasimama, kete mkononi, akatazama ubao kwa muda. "Hapa," akasema, "imenitoka." Mwenziwe naye hakuikumbuka. Wakacheka wote wawili.

Kijana alikuwa ameinua simu yake, anapiga picha. Nusu ya mchezo imehifadhika. Naaga kwa ubeti huu:

Nimekaa barazani, bao naliangalia,
Kete ziko mikononi, mbio zinajipitia,
Hesabu i akilini, wino haukufikia,
Fundi akilala chini, nani atatuambia?