Fahamu: Kwa nini chavua hubana pumzi

Nyangwe, kando ya mto Lualaba, nyasi zikichanua upepo hubeba chavua hadi puani. Chavua haina sumu; kosa ni la kinga ya mwili, inayoidhania adui. Mwili wenye mzio hutengeneza kingamwili za IgE, zinazojishika kwenye seli za utando wa pua na mapafu. Chavua ikirudi, seli hizo humwaga histamini, kemikali inayoleta chafya, kamasi na macho kuwasha. Kwa mwenye pumu, njia za hewa husinyaa.

Dhoruba ni mbaya zaidi, maana unyevu huipasua chavua kuwa vipande vidogo vinavyofika ndani kabisa ya mapafu. Melbourne, Australia, Novemba 2016, watu 10 walikufa hivyo.

Kifua kikibana, usingoje kesho: nenda kituo cha afya.